Majina sita ya Mbaruk

Ndugu msikilizaji, mtu akiingia duka la Kariakoo kununua kitambaa huulizwa anataka yadi ngapi. Akirudi nyumba ile ile kuposa, huulizwa swali jingine kabisa: wewe mtoto wa nani? Akitaja jina la baba ataombwa la babu, na akilitaja la babu, yupo mzee kwenye kona ya baraza atakayeinua kichwa na kusema, “Ahaa, wale.” Swali hilo si la udaku. Katika jina la babu mna nyumba, mna shamba, mna deni, na pengine mna damu iliyomwagika. Mahakama nazo zinalijua hilo. Shauri la mirathi ya nyumba moja ya vyumba sita laweza kuchukua miaka kwa sababu ya jina moja tu, ambalo upande huu unalitaja na upande ule unaliruka.

Leo nataka tulisome jina la mtu mmoja, tulisome polepole kama mnunuzi mwangalifu anavyoisoma hati ya kiwanja kabla ya kutoa fedha. Jina lenyewe ni Mbaruk bin Rashid bin Salim bin Ahmad bin Muhammad bin Uthman, al-Mazrui. Huyu ndiye Mbaruk wa Gasi, ambaye wengi tumezoea kumweka katika habari za Mombasa na kumwacha huko huko. Lakini Mbaruk alifariki hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1910. Kabla ya hapo aliishi katika mji wetu kiasi cha miaka kumi na minne, wakati Wajerumani wakiutawala, na wakati Kariakoo haijaitwa bado Kariakoo, kwa maana jina hilo lililetwa na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Tuanze na jina la mwisho, Uthman, maana huko ndiko mti ulikopandwa. Wamazrui ni Waarabu wa Oman. Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na majeshi ya Imamu wa Oman tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Ilipoanguka, Imamu wa ukoo wa Yaarubi akawa anatuma maliwali kutoka Oman kuja kuishika, na miongoni mwa waliotumwa walikuwamo Wamazrui. Muhammad bin Uthman alikuwa mmoja wao, naye alikabidhiwa uliwali katika miaka ya 1730.

Hapo mambo yakageuka. Huko Oman ukoo wa Yaarubi ulidhoofika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kiti kikachukuliwa na Ahmad bin Said, wa ukoo wa Busaidi. Habari zilipofika Mombasa, Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake, kama wazee walivyoisimulia, ilikuwa nyepesi na ngumu kuijibu: huyu Ahmad alikuwa liwali tu kama mimi, naye amejitwalia Oman, basi nami nimejitwalia Mombasa. Ahmad bin Said alijibu kwa kutuma watu waliojifanya marafiki, wakamwua Muhammad ndani ya ngome yake, yapata mwaka 1746. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitiwa kifungoni. Akatoroka, akakusanya watu, akairudisha ngome.

Msikilizaji, shika jambo hilo, kwa sababu ugomvi wa Mazrui na Busaidi ndio uti wa mgongo wa kisa chote, nao ulidumu miaka mia moja na hamsini. Shika na jingine pia. Ali bin Uthman alikuwa mtu hodari, akavuka bahari kwenda kuipiga Unguja katika miaka ya 1750, na mji ulikuwa karibu kumwangukia mkononi. Ndipo alipochomwa kisu na jamaa yake mwenyewe, wa ukoo ule ule. Vita vikaishia hapo, majeshi yakarudi Mombasa. Simulizi za Mombasa hazikukificha kisa hiki, na mimi nazisifu kwa hilo, kwani ipo mizizi ya nasaba ambayo wenyewe huipaka chokaa mpaka hujui kilichokuwa chini yake.

Sasa tupande kwa Ahmad bin Muhammad. Alikuwa liwali tangu 1782 hadi 1814, zaidi ya miaka thelathini, na katika siku zake Mombasa ilikuwa na nguvu kutoka Pemba hadi karibu na Lamu. Malenga Muyaka bin Haji alikuwa kijana wakati huo, na baadaye ulimi wake ukawa silaha mojawapo ya Wamazrui. Lakini ni katika siku za Ahmad ndipo Wamombasa na Wapate walipokwenda kuishambulia Lamu wakavunjwa vibaya pale Shela, yapata mwaka 1812. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, walimwita Seyyid Said bin Sultan wa Oman awalinde. Seyyid Said alikuwa mjukuu wa yule Ahmad bin Said. Mlango aliokuwa akiutafuta kwa muda mrefu amefunguliwa na Waswahili wenyewe.

Baada ya Ahmad, jina la Mbaruk linatuambia ni Salim. Hapa ndipo nasaba inapoweza kumpoteza msomaji. Ukiisikia ikitajwa baba kwa mwana, baba kwa mwana, utadhani na kiti kilikuwa kikipita hivyo hivyo. Sivyo. Ahmad alipokufa kiti kilikwenda kwa mwanawe Abdallah, kisha mwaka 1823 kikarukia kwa mzee mmoja wa tawi jingine, Sulaiman bin Ali, ndipo mwaka 1826 kikamfikia Salim bin Ahmad. Ukoo ulikaa, ukamtafuta mkubwa anayefaa, na kufaa kwenyewe kulipimwa kwa umri, kwa ushujaa, na kwa kukubalika na mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, bila hao liwali alikuwa mtu mwenye kuta nene tu. Utaratibu huo ulikuwa na vurugu zake. Lakini ulikuwa ni utaratibu, na wenyewe waliujua.

Yule mzee Sulaiman ndiye aliyeweka sahihi na nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza mwezi Februari 1824, bendera ya Waingereza ikapandishwa juu ya Ngome ya Yesu. Wamazrui walitaka kinga dhidi ya Seyyid Said. Owen alimwacha kijana wake, luteni Reitz, ambaye alikufa kwa homa katika muda wa miezi michache, na jina lake likabaki kwenye ghuba ya Port Reitz. Serikali ya London haikuutaka mzigo huo, kwa kuwa Seyyid Said alikuwa rafiki yao, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Kwa hiyo Salim bin Ahmad alikikalia kiti bila mlinzi. Alipigana na Seyyid Said mara kadhaa kati ya 1828 na 1833 na hakushindwa. Alipofariki mwaka 1835 ndipo ukoo uligombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ashike, na mji nao ukagawanyika pamoja nao. Sehemu moja ya mataifa kumi na mawili ikamwandikia Seyyid Said aje.

Mwaka 1837 alikuja. Liwali wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim, jina la pili katika yale sita. Ngome ilichukuliwa kwa mapatano, si kwa mizinga, kisha wakubwa wa Wamazrui, zaidi ya ishirini, wakakamatwa kwa hila, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi. Huko walifungwa, na huko wakafa. Waliobaki walikimbia pande mbili: wengine kusini, Gasi, wengine kaskazini, Takaungu. Mbaruk, mtoto wa Rashid, alikuwa katika wale wa Gasi.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa maana mti umekatwa shina, na ni vizuri kutazama machipukizi yalitokea wapi.

Chipukizi moja lilikuwa la upanga, yaani Mbaruk. Jingine lilitokea kwenye tawi ambalo halikupata kukalia kiti cha uliwali. Wamazrui walipokuja pwani walikuwa Maibadhi kama watu wa Oman, lakini kwa kukaa, kuoa na kusoma pamoja na wenyeji, wengi wao wakawa Mashafi. Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafii, aliyezaliwa mwaka 1825, alisoma Makka, akarudi Mombasa akashika ukadhi. Alifundisha na kujadili kwa nguvu kiasi cha kumuudhi Sultani Barghash, aliyekuwa Ibadhi, naye akamtia gerezani. Alitoka mwaka 1888, Barghash alipofariki. Basi ugomvi ule ule wa Mazrui na Busaidi ulikuwa umehama kutoka kwenye mizinga ukaingia kwenye vitabu vya fiqhi. Sheikh Ali alikufa mwaka 1894 akaacha mtoto mdogo, al-Amin, aliyezaliwa 1891.

Jambo hili la ukoo mmoja kushika upanga kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono wa pili halikutokea pwani yetu peke yake. Iko habari inayofanana nalo mbali sana, katika kisiwa cha Iceland, kule baharini kaskazini ya Ulaya. Watu wa huko waliupokea Ukristo yapata mwaka 1000. Wakubwa wa koo, waliokuwa wakiongoza mabaraza na matambiko ya zamani, walijenga makanisa katika mashamba yao na kuwasomesha watoto wao upadri. Askofu wa kwanza wa kisiwa, Ísleifur Gissurarson, aliyewekwa wakfu mwaka 1056, alikuwa mtoto wa mmoja wa wakubwa hao, na aliyemrithi uaskofu alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mtu mmoja alikuwa kasisi na jumbe kwa pamoja, mpaka mwaka 1190 askofu mkuu aliyekuwa Norway alipopiga marufuku wakubwa hao kupewa upadri. Na mwanachuoni wao Ari Þorgilsson, alipoandika historia ya kisiwa katika karne ya kumi na mbili, aliifunga kwa nasaba yake mwenyewe, akaipandisha baba kwa babu hadi kwa mfalme wa Waturuki! Sisi ambao kila mji wetu wa pwani una ukoo uliotoka Shirazi hatuwezi kumcheka.

Kwa nini mtu wa barafu amtafute babu Uturuki, na mtu wa Kilwa amtafute Uajemi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu nasaba haiandikwi kwa ajili ya waliokufa. Huandikwa kumjibu aliye hai anayeuliza, “Una haki gani hapa?” Anayetaka kuielewa lazima kwanza amjue huyo muulizaji. Na mwaka 1895 muulizaji alikuwa Mwingereza.

Mwezi Februari mwaka huo mkubwa wa Wamazrui wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Mwenye haki kwa desturi ile niliyoieleza alikuwa Mubarak bin Rashid, mtoto wa ndugu yake, mtu mzima mwenye watu na bunduki. Lakini kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani kwa niaba ya Sultani ilimtaka kijana Rashid, mtoto wa marehemu, kwa kuwa alikuwa mpole kwao. Kwa Mwingereza mtoto kumrithi baba lilikuwa jambo lisilohitaji maelezo. Kwa Wamazrui ilikuwa ni kuruka jina. Mubarak akaingia msituni. Wagiriama, ambao wengi wa wakubwa wao walikuwa na undugu wa kuapizana na Wamazrui wa Takaungu, wakavutwa ndani. Mubarak akakimbilia Gasi kwa jamaa yake, na Mbaruk wetu, ambaye alikwisha kupigana na Masultani wa Unguja mara kadhaa katika maisha yake, naye akaingia vitani, sasa mtu mzima wa makamo ya uzee. Katikati ya vita hivyo, tarehe 1 Julai 1895, kampuni ilikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza, kwa hiyo vita vilivyoanza na mfanyabiashara vikamaliziwa na dola. Boma lake la Mwele lilichukuliwa mwezi Agosti. Vijiji vya pwani kutoka Vanga hadi Malindi vilionja moto. Mwishowe waliletwa askari kutoka India, na mwezi Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na mamia ya wafuasi wake, wanaume, wanawake na watoto, akaweka silaha chini mbele ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann.

Ndivyo alivyofika Dar es Salaam. Mji wenyewe ulianzishwa na nani? Na Seyyid Majid, katika miaka ya 1860. Na Majid ni mtoto wa Seyyid Said, aliyempeleka Rashid bin Salim kufia Bandar Abbas. Ukipita Barabara ya Sokoine kutoka Posta ya Zamani kuelekea stesheni, bandari ikiwa mkono mmoja, utaliona mkono wa pili lile Boma la Kale, lililojengwa kwa amri ya Majid yapata mwaka 1867. Mbaruk aliishi miaka yake ya mwisho katika mji huo wa mtoto wa adui ya baba yake, akilindwa na Wajerumani.

Na hakuwa peke yake. Mwezi Agosti mwaka ule ule wa 1896, Sultani wa Unguja alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akakalia kiti bila idhini ya Waingereza. Walimpiga mizinga kwa muda wa dakika arobaini hivi. Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, nao wakampeleka wapi? Dar es Salaam. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne mji huu ulikuwa na mjukuu wa Seyyid Said na mtoto wa Rashid bin Salim, Mbusaidi na Mmazrui, wakinywa maji ya visima vya mji mmoja na kungojea salamu kwa mashua zile zile. Wote wawili walikataliwa kwa kosa moja: kila mmoja alidhani haki yake imo katika jina lake.

Kitu kimoja sijakitaja. Katika majina sita ya Mbaruk hakuna mwanamke hata mmoja. Nasaba za namna hii huwataja wanaume tu, na wakati mwingine hilo ndilo linalotunyima ufunguo. Majid na Barghash, kwa mfano, walikuwa ndugu wa baba mmoja. Mama yake Majid alikuwa suria Mcherkasi na mama yake Barghash alikuwa suria Mhabeshi, na walipogombea kiti mwaka 1859 kila mmoja alikuwa na watu wake ndani ya jumba la kifalme. Twalijua hilo kwa sababu dada yao, Salme, aliandika kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1886. Bila dada huyo tungebaki na “bin Said” na “bin Said.” Kadhalika watumwa waliolima mashamba ya Gasi na Takaungu: wajukuu wao wako, wengi, na ardhi ile ile wanaidai. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuweka ardhi ya Wamazrui wa Takaungu chini ya wadhamini, mwaka 1989 Bunge la Kenya likaifuta, mashauri yakafuata. Upande mmoja uliingia mahakamani na nasaba. Upande wa pili ulikuwa na minazi waliyoipanda babu zao, na makaburi yao. Hakimu ana kazi.

Turudi kwa yule mtoto mdogo, al-Amin, aliyeachwa na Sheikh Ali mwaka 1894. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alitoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 jingine, al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome na wafungue macho. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1947. Yeye ndiye aliyeiandika kwa Kiarabu historia ya maliwali wa ukoo wake. Fikiri, msikilizaji: mtu wa tawi lisilotawala ndiye aliyewatunza waliotawala. Kitabu kilikaa karibu nusu karne baada ya kifo chake kabla ya kuchapishwa, mwaka 1995, na kilichapishwa Uingereza, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mbaruk, nimesema, alifia Dar es Salaam, mji wa Busaidi. Khalid naye Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka Shelisheli na kisiwa cha St. Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1927. Alifia Mombasa.

Ukoo wa al-Amin haukuacha kalamu. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya baada ya uhuru, hadi 1968. Na mtoto wa al-Amin, profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, ambaye wengine tunamkumbuka kwa filamu zake za mwaka 1986 juu ya Afrika na wengine kwa kuwatania wasomi waliokuwa wakiihusudu Tanzania ya Azimio la Arusha, alifariki Binghamton, Marekani, mwezi Oktoba 2014. Maiti ilirudishwa Mombasa ikazikwa katika makaburi ya ukoo, mbele ya Ngome ya Yesu. Jina lake likisomwa kwa desturi ni Ali bin al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafii: alipewa la babu yake, yule aliyefungwa na Barghash.